Hotuba ya Rais Euphrasie Juu ya Neno Charité

Koekelberg, Brussels, 14 Januari 2024

Yaya Constant, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za mwaka mpya, ingawa zitakapokufikia mwaka wenyewe utakuwa umeshazeeka. Barua hii anaibeba Sista Imani, anayerudi Lubumbashi wiki ijayo. Nimemwomba asiitie kwenye sanduku pamoja na sabuni, maana mara ya mwisho ulilalamikia harufu ukurasa mzima. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha, basilika ipo palepale, na goti langu la kushoto linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Presha yako je? Unameza dawa au unazitazama tu? Msalimie Mama.

Sasa habari yenyewe. Unajua kwamba mimi ni rais. Usicheke. Chama chetu kina watu saba: rais mmoja na makamu wa rais sita, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa mwanachama wa kawaida. Hata Madame Mia, yule mama Mbelgiji wa Woluwe ambaye mumewe alifanya kazi migodini kwetu zamani, ni mweka hazina na pia makamu wa tatu. Tangu tuanze tunaitwa Charité Katuba, kwa jina la mtaa wetu wa nyumbani, na kila mwaka tunakutumia kontena la nguo na mablanketi ugawe hapo parokiani. Hakuna aliyewahi kulipinga jina hilo. Lakini katika mkutano wa Desemba Madame Mia alisema neno charité, yaani hisani, halipendezi tena masikioni mwa watu wa huku, eti linawakumbusha mabibi wenye glavu wakigawa supu. Yeye anataka Solidarité, mshikamano. Guylain, makamu wa kwanza, aliruka kwenye kiti: "Non, non, Maman Mia! Charité njo jina yetu! Solidarité ni ya ba syndicat!" Hataki jina la vyama vya wafanyakazi. Tuligombana mpaka kahawa ikapoa.

Mwishowe wakaamua kwamba kwenye karamu ya Mei, mbele ya wageni wote, rais ataeleza asili na maana ya neno charité, kisha watu wapige kura. Nilikubali kwa sauti nzito, kana kwamba Kilatini nilikinyonya. Wewe ndiwe uliyenifundisha Kilatini na wewe ndiwe uliyesoma alama zangu mezani mbele ya Baba, kwa hiyo unaelewa ukubwa wa hatari. Niandikie neno hilo limetoka wapi. Liandike kwa namna ambayo hata mimi nitalielewa.

Na jambo la pili: siku ya kugawa, nahitaji picha za bango la karamu. Wazee hasa. Waambie wasitabasamu sana, tafadhali. Mwaka jana walitabasamu mno na wafadhili wakadhani mambo yameshakuwa mazuri.

Mdogo wako,
Euphrasie (Rais)


Lubumbashi, Katuba, 25 Februari 2024

Mheshimiwa Rais,

Salamu zako zimefika bila harufu yoyote, nashukuru. Sista Imani ameileta barua mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa, akala ugali wa bukari na majani ya sombe, akaondoka. Hapa tunaendelea. Mvua imeuchukua ukuta wa upande wa jirani, na sasa yeye na mimi tunaonana tukipiga mswaki. Umeme unakuja kama mgeni, haujulikani saa. Presha iko juu lakini nimeizoea. Mama yupo.

Umeuliza neno, na umemuuliza mtu sahihi, kwa kuwa tangu nistaafu Kilatini changu kinanisaidia kusoma chupa za dawa tu. Basi sikiliza. Charité imetoka kwa caritas, na caritas imetoka kwa carus. Carus ni kitu ghali, na pia ni mtu mpendwa. Warumi hawakutofautisha. Wakati wa njaa, bei ya ngano ilipopanda, walisema kuna caritas sokoni, yaani ughali. Na mtu akimpenda ndugu yake, hiyo nayo ilikuwa caritas. Wakristo walipotafuta neno la Kilatini la kusema upendo ule wa Maandiko, wakalichukua hilo, na katika Kifaransa likagawanyika. Midomo ya sokoni ikalitafuna mpaka likawa cherté, bei kubwa. Midomo ya kanisani ikalitunza likawa charité. Ni watoto wa tumbo moja, mmoja akawa mfanyabiashara na mwingine padri.

Kile ambacho wewe na makamu wako sita mnafanya, Wafaransa wana neno lake lingine: aumône, yaani sadaka. Hilo ni la ukoo tofauti kabisa, limetoka kwa Wagiriki, na kwao lilikuwa huruma. Mtu wa kumpa aumône huhitaji kumjua jina. Lakini charité, ukiifuata mpaka kwenye mizizi, inataka kwanza huyo mtu awe ghali kwako, yaani uwe umeshaona kwamba ukimpoteza umepata hasara. Kitu unachompa kinakuja baadaye, na pengine hakiji. Unaweza kuwaambia hivyo wageni wako, ila usiwaambie kabla hawajatoa.

Ugawaji ulifanyika Jumamosi iliyopita. Foleni ilianzia ukumbini ikafika kwenye duka la mafuta ya kula. Picha alipiga Jémima, binti mpya wa ofisi ya parokia, mwenyeji wa Kolwezi, naye atazituma moja kwa moja kwa Guylain, maana mimi na simu tuliachana zamani. Hakuna aliyetabasamu. Kuna jambo moja la siku hiyo ningekueleza, lakini karatasi imekwisha.

Utakuja lini? Mama haulizi. Nauliza mimi.

Constant


Koekelberg, 7 Aprili 2024

Yaya wangu,

Barua yako imekaa Kinshasa mwezi mzima kwenye begi la shemeji yake Guylain, ambaye alifiwa, akaoa, akasahau. Nimeipata Jumapili ya Pasaka. Poleni na ukuta. Sisi wazima, ila mvua bado, na goti langu linadai itaendelea. Nimefurahi kusikia Sista Imani alikula. Msalimie Mama sana.

Yaya, somo lako ni zuri mno na limeniharibia usingizi. Nimelifupisha. Carus nimeiacha, cherté nimeiacha, ngano ya Warumi nimeipunguza. Ile sehemu ya aumône nimeitoa kabisa, kwa sababu Madame Mia atadhani namsema yeye. Najizoeza ndani ya tramu, midomo ikienda bila sauti, na juzi bibi mmoja alinipisha kiti akidhani naongea na mashetani. Nilikaa. Goti ni goti.

Karatasi ilikuwa imekwisha? Chini ya jina lako kulikuwa na nusu ukurasa mweupe. Nimeandika orodha ya vitu vya sokoni hapo. Na kusema "Mama yupo" ni habari gani? Hata basilika ipo. Anakula? Anatoka? Bado anawafokea wauza mkaa?

Kuhusu kuja. Mwaka huu likizo imekaa vibaya, halafu kuna karamu, halafu kuna goti, halafu baada ya karamu kuna hesabu za karamu. Tutaona mwakani. Guylain anasema picha ni nzuri sana na bango litakuwa kubwa kuliko mlango, lakini hataki nilione mapema, anataka kunifanyia surprise. Nimemwacha. Rais hawezi kushughulikia kila kitu.

Euphrasie


Koekelberg, 20 Mei 2024

Yaya,

Natumaini u mzima. Mimi sijui nilivyo. Mambo ya mvua na goti nitaandika siku nyingine.

Karamu ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa Woluwe. Nilivaa kitenge kipya na kilemba kikubwa kiasi kwamba nilipaswa kuingia mlangoni kwa ubavu. Kwa hiyo niliingia kwa ubavu, rais mzima, na kitu cha kwanza nilichokiona ni bango. Mwanamke mzee, blanketi la kijivu mikononi, anatazama mbele. Chini yake wameandika kwa herufi nyekundu: Berthe vous attend. Berthe anawangoja.

Nataka ujue jinsi nilivyo mpumbavu, Yaya. Jambo la kwanza nililowaza ni hili: bibi huyu anafanana na Mama. Nilitikisa kichwa nikasema moyoni, maskini, anafanana sana na Mama. Kisha nikaona alivyokunja kidole gumba ndani ya kiganja, kama anavyofanya Mama akiwa na aibu, na nikajua kwamba ndiye, hata jina ni lake.

Madame Mia akanishika mkono. Unajua Kiswahili chake cha zamani: "Euphrasie, mama hii nilichagua mimi moja! Macho yake inasema mingi!" Nyuma yake mumewe, Papa Karel, ambaye Kiswahili chake chote ni cha amri, alikuwa anamwambia mhudumu: "Leta pilipili! Pesi pesi!" Watu walikuwa wanapiga picha na bango. Wanasimama kando ya Mama, wanatabasamu, wanaondoka. Mimi nikaenda chooni kuvua kilemba, nikashindwa, nikarudi nacho.

Wakaniita kwenye kipaza sauti. Nilianza vizuri. Nikasema charité ni neno la Kilatini, nikasema maana yake ni upendo, na hapo nikainua macho, na bango lilikuwa linanitazama. Zile sehemu zote nilizoziacha zikanirudia mdomoni. Nikasema carus. Nikasema huwezi kuwa na charité kwa mtu asiye ghali kwako. Nikasema: "Ndugu zangu, yule mlangoni ni mama yangu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi, Yaya! Mzee mmoja akasimama na glasi yake akasema ndiyo, ni mama yetu sisi sote. Nikasema hapana, ni mama yangu mimi, aliyenizaa, Berthe wa Katuba. Makofi yakazidi. Madame Mia alikuwa analia kwa furaha. Guylain akapaza sauti kutoka jikoni: "Na yangu pia, présidente! Na yangu pia!" Nilisema mara ya tatu, nikajisikia mwenyewe kwamba sasa ninatoa hotuba nzuri sana, nikaenda kukaa. Jina Charité likapita kwa kauli moja. Watu wananipongeza mpaka leo.

Guylain nilimweleza kwenye gari, usiku, tukiwa tumebeba masufuria. Alizima injini. "Maman Phrasie, bon... sikujua. Mungu moja, sikujua." Yeye hakumwona Mama hata siku moja maishani mwake, simlaumu. Bango liko chumbani kwangu, limegeukia ukuta. Haliwezi kukunjwa.

Sasa nijibu. Mama alikuwa anafanya nini kwenye foleni? Kila mwezi nakutumia pesa za matumizi ya nyumbani. Hana blanketi? Unamlaza wapi? Ulikuwepo siku hiyo, ulikuwa unasimamia, ulimwona, na ukaniandikia habari za Warumi. Usiniambie karatasi imekwisha. Nimeambatanisha karatasi.

Euphrasie


Lubumbashi, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Euphrasie,

Salamu. Baridi imeingia, vumbi pia, na jirani amejenga ukuta upya, nami nasikitika kidogo. Karatasi zako nimezipokea.

Mama ana mablanketi manne. Anakula vizuri. Wauza mkaa bado wanamwogopa. Hakukosa kitu.

Siku ile nilikuwa nyuma ya meza nafungua marobota. Nilipoinua kichwa nikamwona katikati ya foleni, amevaa kitenge cha Jumapili. Nilitoka mbio nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama, twende nyumbani, watu wanatuona, mimi ndiye ninayegawa." Akautoa mkono wake. "Acha. Niko nangoja." Nikarudi nyuma ya marobota yangu. Mwalimu wa Kilatini, miaka sabini kasoro, nikajificha nyuma ya makoti ya Wabelgiji nisimwone mama yangu akifika mezani. Ndiyo sababu karatasi ilikwisha.

Lakini nilisikia. Jémima hamjui, ni mgeni hapa. Alimuuliza kama alivyowauliza wote, "Maman, uko na mutoto wa kukusaidia?"

Mama akamjibu: "Niko na mutoto mwanamuke ku Bulaya. Banasema anasaidiaka bantu. Na miye niko muntu, njo maana nilikuja kupanga mulongo."

Alipewa blanketi, akapigwa picha, akarudi nalo nyumbani. Hajifuniki. Amelikunja na kuliweka juu ya kabati, na akija mgeni anamwambia, "Ile njo alinitumia Euphrasie."

Zile za kila mwezi ninampa mimi, Phrasie, kwa mkono wangu, na kwake zinakuwa zangu. Na barua zako unaniandikia mimi. Namwambia "Euphrasie anakusalimu," naye anasema "Asante," basi. Hawezi kukuomba. Unamjua, mama hamwombi mtoto wake, mtoto anatakiwa ajue. Foleni aliiweza, kwa sababu kwenye foleni haombi mtu.

Nisamehe kwa Warumi.

Constant


Koekelberg, 30 Juni 2024

Yaya,

Barua yako niliisoma ndani ya metro, pale Schuman, watu wa ofisi wakinikanyaga, na nikapitiliza kituo changu. Sina la kukusamehe. Tumejificha wote wawili, wewe nyuma ya makoti na mimi nyuma ya kontena.

Nitakuambia kwa nini sikuja miaka tisa. Haikuwa likizo, wala goti. Unajua mtu wa Ulaya anavyopokewa Katuba: masanduku yanaangaliwa kabla uso haujaangaliwa. Nilipokuja kumzika Baba nilikuwa na sanduku moja, na shangazi Thérèse, ambaye hakupata kitu, alinitungia wimbo wa kunisuta palepale matangani, na wanawake wakauitikia. Bado naukumbuka, una mdundo mzuri. Niliporudi huku nikaapa sitakanyaga tena mpaka niwe na kitu cha kila mtu. Kisha nikaanzisha chama. Nilidhani namsaidia kila mtu, kumbe nilikuwa natafuta namna ya kulipa kiingilio cha nyumbani kwetu. Na nilipendwa, Yaya! Rais! Wananipigia makofi hata nikilia.

Nimekata tiketi. Nafika tarehe kumi Agosti. Mwambie Mama.

Euphrasie


Lubumbashi, 15 Julai 2024

Euphrasie,

Padri anaondoka jioni hii, kwa hiyo naandika kifupi. Wote wazima.

Nimemwambia Mama unakuja. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua kichwa. Akauliza: "Anakuja ku bantu, ao anakuja kwangu?"

Nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Constant


Koekelberg, 25 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Hii barua ni yako. Yaya anakusomea tu, na asiongeze maneno yake.

Kwako, Mama. Nakuja kwako. Nimewaambia wale wa chama wamchague mwingine aende parokiani, na makamu wote sita wamejitolea kwa siku moja. Nina mkoba mmoja, una nguo zangu na dawa ya goti. Sikuletei kitu. Kama shangazi Thérèse ataimba, mwache aimbe.

Nataka nilale chumbani mwako kama zamani, hata chini. Asubuhi nitachambua majani, nawe utaniambia ninavyochambua vibaya. Nimekukumbuka sana. Miaka hii yote nilijua kuwaandikia watu wasionijua, na wewe nikakuwekea salamu mwisho wa barua ya mtu mwingine. Naona haya, Mama, na nakupenda, na sikujua namna ya kurudi.

Yaya akimaliza kusoma, mwambie arudie tangu mwanzo.

Mwanao,
Euphrasie